Mnunuzi Humtazama Vipi Mnyama Wako?

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sina nia ya kuwapinga wahenga, lakini naomba wanisamehe kidogo, kwani naamini hawakuwahi kusimama katika soko la mifugo la Ilbissil asubuhi, vumbi likitimka na malori yakirudi kinyumenyume ili kupakia. Hapo kizuri hakijiuzi hata siku moja. Kizuri huuzwa na yule anayejua ni kizuri kwa nani.

Mimi nimezaliwa katika jamii ya wafugaji, kaunti ya Kajiado, na karo ninayolipiwa hapa shuleni hutembea kwa miguu minne. Kila muhula unapokaribia kufunguliwa, nyumbani hufanywa kikao: auzwe nani? Iwapo mbuzi aliyestahili shilingi elfu kumi atauzwa kwa elfu saba, zile elfu tatu zilizopotea ndizo vitabu vyangu na sare ya dada yangu mdogo. Ndiyo maana, wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili walipokuwa wakiandika juu ya michezo na urafiki, mimi nilimwomba mhariri aniachie nafasi niandike juu ya meno ya mbuzi. Usicheke, msomaji. Soma kwanza.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba katika masoko yetu mengi mnyama haendi kwenye mizani. Ukienda dukani kununua sukari, hupimwa. Ukienda bucha kununua nyama, hupimwa. Lakini yule ng'ombe mwenyewe, kabla hajawa nyama, huuzwa kwa kichwa, yaani mzima mzima, kwa kukisia. Mnunuzi ambaye amekuwa akinunua kila wiki kwa miaka 15 amekwisha kuwa mizani yeye mwenyewe. Jicho lake na mkono wake vinajua kilo. Muuzaji anayefika sokoni mara tatu kwa mwaka hana mizani hiyo. Pengo liko hapo, na ndani ya pengo hilo ndimo anamoishi broka.

Wakati wa likizo mimi huandamana na baba mdogo sokoni, na nimepata kuwatazama wanunuzi kwa makini. Mnunuzi wa mbuzi hamkimbilii mnyama. Kwanza humtazama kwa mbali akitembea, aone kama anachechemea. Kisha humjia kwa nyuma, aone upana wa mapaja. Halafu humbonyeza uti wa mgongo kwa vidole karibu na kiuno. Vidole vikikuta pingili zimechomoza kama meno ya msumeno, mnyama amekonda. Vikizama katika nyama na mafuta, mnyama amenona. Kisha hupitisha mkono chini ya kifua na kumnyanyua kidogo miguu ya mbele, kama mtu anayepima uzito wa gunia. Mwisho humpanua mdomo, na wengine humfunua kope. Yote haya hayachukui hata dakika moja. Baada ya hapo huanza kumtukana mnyama wako, maana matusi nayo ni sehemu ya biashara.

"Mzee, huyu ni bei gani?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili! Huyu ni mifupa tu, mzee wangu. Na meno yameisha."

"Yameisha wapi? Fungua mdomo uangalie vizuri. Huyo ni wa meno manne."

"Haya, shika nane."

"Ongeza kitu, kijana. Hiyo ni ya kondoo."

"Tisa. Na hiyo ndiyo ya mwisho, lori linaondoka."

Lori haliondoki, lakini tuyaache hayo. Turudi kwenye meno.

Mbuzi, kondoo na ng'ombe hawana meno ya mbele katika taya la juu. Huko juu kuna ufizi mgumu tu. Meno ya mbele yapo manane, yote taya la chini, na mnyama mchanga huwa na meno madogo ya utotoni. Mbuzi akifikisha kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu, yale mawili ya katikati hung'oka na kuota mawili makubwa. Huyo ndiye tunayemwita wa meno mawili. Mwaka unaofuata huwa manne, kisha sita, na akikaribia miaka minne yote manane yamekuwa makubwa. Ng'ombe huanza kubadilisha akiwa na miaka miwili hivi na kumaliza akiwa na minne au mitano. Baada ya hapo meno hulika, hulegea na kuachana, hadi mnyama hawezi tena kukata nyasi fupi za kiangazi.

Mwenye bucha humtaka wa meno mawili au manne, kwa sababu nyama yake ni laini na mwili wake umekwisha kujaa. Mnyama mzee nyama yake ni ngumu, na mteja wa nyama choma hatarudi tena akitafunishwa kamba. Kwa hiyo mbuzi wawili wenye uzito ule ule wanaweza kutofautiana bei kwa ajili ya meno pekee. Mnunuzi akisema "meno yameisha" na wewe huwezi kuhesabu meno, utamjibu nini? Utanyamaza, na kimya chako ni punguzo la bei.

Na kope je? Kuna mnyoo anayekaa tumboni mwa kondoo na mbuzi na kufyonza damu. Mnyama aliyeshambuliwa naye hupauka ndani ya kope, pakawa peupe badala ya wekundu, na pengine huvimba chini ya taya. Mnunuzi akiona weupe huo hujua kwamba mnyama anaweza kufa kabla ya kufika machinjioni. Nitamrudia mnyoo huyu baadaye, kwani ana mkono katika mambo makubwa kuliko umbo lake.

Sasa tufanye hesabu anayoifanya mnunuzi wa ng'ombe kichwani. Mwalimu wetu wa Kilimo alitufundisha njia ya kukisia uzito kwa utepe wa fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Pima pia urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha zidisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,840. Jibu ni kilo. Ng'ombe mwenye kifua cha sentimita 150 na urefu wa sentimita 125 atakuwa na kilo 259 hivi. Ni makisio tu, si mizani, lakini ni afadhali kuliko kubahatisha.

Katika kilo hizo 259, si zote ni nyama ya kuning'inizwa buchani. Kuna ngozi, kichwa, kwato, damu na matumbo yenye nyasi. Ng'ombe aliyenona vizuri hutoa karibu nusu ya uzito wake, yaani kilo 130 hivi. Aliyekonda huenda akatoa asilimia 45, yaani kilo 117. Tuseme, kwa mfano tu, bei ya jumla ya nyama ni shilingi 500 kwa kilo. Wa kwanza ni shilingi 65,000, wa pili ni 58,500. Tofauti ni shilingi 6,500, ilhali ukiwapima wangali hai uzito wao ni mmoja. Sasa umejua kwa nini vidole vya mnunuzi havitoki kwenye uti wa mgongo. Kutokana na hesabu hiyo huondoa nauli ya lori, ushuru wa soko, ada ya machinjio na faida yake, kisha ndipo anapokutajia bei. Matumbo, kichwa na miguu huwa hakutajii kabisa, na huko nako kuna pesa.

Wako wauzaji wanaojiona werevu, ambao humlambisha mnyama chumvi alfajiri na kumwacha anywe maji hadi tumbo lijae kama ngoma. Wanunuzi wanalijua hilo tangu zamani. Tumbo huwa kubwa lakini mgongo haudanganyi. Mnunuzi hubonyeza ubavu, maji hucheza, na kuanzia hapo haamini neno lingine lolote utakalosema.

Mpaka sasa nimesema juu ya mnunuzi wa nyama, naye ndiye aliye wengi sokoni: malori ya Nairobi, mbuzi wa kwenda Kiamaiko, ng'ombe wa kwenda Dagoretti. Lakini si kila anayenunua mnyama anataka nyama, na uwanja mzima wa soko hubadilika ukishalielewa hilo.

Mtazame mtu mwenye shamba la kunenepesha. Yeye hupita mbele ya fahali mnene wala hamtazami. Anamtaka yule wa mifupa mipana na kifua kirefu ambaye amekonda kwa sababu ya kiangazi tu, si kwa ugonjwa. Ananunua nafasi ya nyama, kisha anaijaza mwenyewe kwa majani. Kwa hiyo hupenda damu ya Borana, ng'ombe waliotoka kwa Waborana na ambao wenye ranchi nchini mwetu waliwachagua kwa miaka mingi hadi wakaanzisha chama cha wafugaji wao mwaka 1951. Au hupenda damu ya sahiwali, wale wekundu wenye ngozi iliyolegea shingoni, walioletwa kutoka Bara Hindi kabla ya uhuru. Zebu wetu mdogo, hata akinona, mfuko wake ni mdogo. Mnunuzi wa maziwa naye huinama kutazama kiwele, chuchu nne zilizopangana sawa, na mishipa ya tumboni, kisha huuliza maswali marefu juu ya mama yake mtamba. Usimjibu kwa pupa.

Mwingine ni mnunuzi wa Idi ya kuchinja. Sikukuu hiyo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hivyo mfugaji asiye na kalenda haoni inapokuja. Kwa Waislamu, mnyama wa kuchinja siku hiyo hafai kuwa kipofu, kiwete, mgonjwa wala aliyekonda mno, na ni lazima awe ametimiza umri. Ng'ombe ni miaka miwili, ngamia ni mitano. Mnunuzi huyu hulipa vizuri kwa dume mzima asiye na kasoro, ila anapofika kwetu hukwama kwenye masikio. Sisi huwatia wanyama alama kwa kukata masikio, kila ukoo na mkato wake. Mkato mdogo huenda ukavumiliwa, lakini sikio lililoondolewa sehemu kubwa humfanya mnunuzi wa Idi aweke pesa mfukoni na kuondoka. Nilimwona mzee mmoja akiwa na madume sita mazuri kupindukia, kila mmoja na nusu ya sikio. Waliishia kwa bei ya bucha. Wengine siku hizi huwafunga vibao vya plastiki masikioni, na madume wa kuuzwa huachwa bila mkato.

Watu wa Kiambu nao huja wakitafuta mwati na harika. Kama hujui, mwati ni kondoo jike mchanga na harika ni mbuzi jike mchanga, wote wawili wakiwa hawajawahi kuzaa, na hutolewa katika hatua za mwanzo za mahari ya Agikuyu. Hapa kilo si kitu. Mnyama hana nyama ya kutosha hata karamu ndogo, lakini akiwa mzuri wa umbo na hajazaa, bei yake hupita ya mbuzi aliyemzidi uzito. Mnunuzi ana wakwe wanaomngoja Jumamosi, hawezi kufika mikono mitupu. Broka anayejua hilo humnunua harika kwako kwa bei ya nyama saa tatu, na saa tano amekwisha kumuuza kwa bei ya mahari, hatua thelathini tu kutoka ulipokaa. Mnyama ni yule yule. Kilichobadilika ni mnunuzi.

Rangi pia ina wateja wake. Zipo sherehe zinazotaka mnyama wa rangi moja asiye na doa, na mwenye kumhitaji huzunguka masoko hata matatu. Ukitaka mfano wa mbali zaidi, watazame kondoo wa Wasomali, wenye mwili mweupe na kichwa cheusi. Hao hupendwa sana Uarabuni na husafirishwa kwa meli kwa maelfu kila msimu wa Hija. Saudia ilipofunga mlango mwaka 2000 kwa hofu ya homa ya Bonde la Ufa, mlango ukafunguliwa tena 2009, kondoo wale wale walibaki bila mnunuzi wao mkubwa. Sisi wenyewe tulionja ladha hiyo mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007, homa hiyo ilipoingia Kenya na masoko mengi ya mifugo kufungwa.

Na hata mnyama awe mzuri wa kila namna, saa na msimu vinaweza kumdhulumu. Mwezi wa Desemba watu hula nyama na bei hupanda. Mwezi wa Januari kila mzazi anauza mnyama ili alipe karo, na wanunuzi wanajua. Mifugo iliyotembezwa siku mbili kuja sokoni hufika imepungua uzito, na ikifika saa nane mchana muuzaji hataki kurudi nayo nyumbani gizani. Wakati huo mnunuzi huketi kivulini na kunywa soda polepole. Kwetu, baba mdogo amebadilisha utaratibu: mnyama wa karo ya Januari huuzwa mwanzoni mwa Desemba na pesa huwekwa. Tena hufika soko la karibu usiku wa kuamkia mnada, mnyama apumzike na kula. Hakuna uchawi wowote hapo.

Lakini sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni ubishi wa nyumbani kwetu ambao haujakwisha.

Koko, bibi mzaa baba, anafuga kondoo wekundu wa Kimaasai. Ni wadogo wa kimo, wana nywele badala ya sufu, na mkia wenye mafuta. Baba mdogo anafuga dopa. Dopa ni kondoo waliotengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya kondoo wa Uingereza wa aina ya Dorset Horn na kondoo wa kichwa cheusi wenye asili ya Usomali. Maana yake ni kwamba nusu ya sifa ya dopa ilitoka hapa hapa jirani, ikazunguka na kuturudia kama mgeni wa heshima. Katika malisho mazuri mwana wa dopa hukua kwa kasi ya ajabu, mgongo mpana, mapaja yamejaa. Mfikishe sokoni, wanunuzi watamzunguka. Mfikishe wa Koko, watamwuliza kama ni mtoto.

"Koko, soko limesema," baba mdogo hupenda kumwambia. "Dume wangu mmoja ni wako wawili."

"Soko lilikuwa wapi kiangazi?" Koko humjibu, na kuendelea kukamua.

Kila mmoja ana ukweli wake. Kondoo mwekundu ana kipawa ambacho mnunuzi hawezi kukibonyeza kwa vidole: humvumilia yule mnyoo mfyonza damu niliyemtaja. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwafuga kondoo wekundu pamoja na dopa huko Diani, pwani, ambako unyevu huwafanya minyoo kuzaana sana. Dopa walikufa kwa wingi kuliko wekundu, na ukihesabu kundi zima, wale wadogo ndio walioleta faida zaidi. Kondoo mwekundu pia hustahimili kutembea mbali, malisho haba na kukosa maji kuliko dopa.

Kwa nini basi wamepungua? Jibu liko katika kila nilichoeleza hapo juu. Hadi katikati ya miaka ya 1970, kondoo wekundu halisi walijaa katika nchi ya wafugaji. Kisha madume wa dopa wakaanza kusambazwa kwa bei nafuu, na kwa kuwa mnunuzi hulipia ukubwa, kila mtu akapandisha kundi lake kwa dopa, kizazi baada ya kizazi, bila mpango. Hakuna aliyeamua kuwamaliza kondoo wekundu. Waliondolewa kwa shilingi mia tano mia tano za tofauti ya bei, kila siku ya soko. Mnunuzi si mwovu. Yeye hulipia anachokipakia kwenye lori leo, na mnyama huyo atachinjwa kesho. Uwezo wa kuishi hadi mvua ijayo hauna maana kwake hata chembe. Una maana kwa anayebaki nyumbani na mama wa mnyama huyo.

Ukame wa 2008 na 2009 uliwaua ng'ombe wengi Kajiado, na ule ulioanza mwishoni mwa 2020 ukaendelea hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni mbili nchini. Wakati wa ukame mnunuzi hubonyeza mgongo na kukuta pingili kwa kila mnyama, na bei huanguka ilhali bei ya mahindi inapanda. Nyumbani kwetu, katika ukame huo wa pili, dopa wa baba mdogo walianza kuanguka mapema. Aliwanunulia nyasi, akawauza baadhi kwa bei ya kutupa, na mvua ilipofika alibaki na kumi na mmoja. Wa Koko walikufa pia, msomaji, nisikudanganye, wala usisikie mtu akikuambia kwamba kuna mnyama wa chuma. Ila kundi lake lilibaki kundi. Karo yangu ya mwaka uliofuata ilitoka kwake.

Ungetarajia kwamba baada ya hapo baba mdogo angeacha dopa. Hakuacha, nami simlaumu, kwa kuwa hesabu ya soko haikubadilika: mvua iliponyesha bei ya dopa ilirudi juu ile ile. Koko ndiye aliyebadilika, jambo ambalo hakulitangaza. Amegawa kundi lake mafungu mawili. Fungu kubwa hupandwa na dume mwekundu, na majike wanaozaliwa humo ndio wa kubaki nyumbani. Fungu dogo, la majike wenye umri, hupandwa na dopa wa baba mdogo. Wana wa fungu hili hukua haraka, wana ukubwa unaotakiwa na uvumilivu kidogo wa mama zao, na wote huuzwa, madume kwa majike, wakiwa wa meno ya utotoni au mawili. Hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kubaki na kuzaa. Dada yangu mdogo ndiye karani wa shughuli hiyo. Ana daftari la kurasa 48 lenye orodha ya kila jike, dume aliyempanda na bei ya kila mwana.

Shida imekuwa kumpata dume mwekundu halisi. Yule wa zamani amezeeka, na hafai kuwapanda binti zake mwenyewe. Madume wengi wanaoitwa wekundu sokoni, ukiwatazama kichwa na mapaja, dopa anachungulia ndani. Likizo iliyopita Koko alimtuma baba mdogo hadi upande wa Amboseli, kwenye nchi kavu zaidi, ambako bado wako wazee wanaowatunza. Mwenye dume alikataa pesa. Alisema pesa haizai. Walikaa siku nzima wakinywa chai, na jioni akakubali kubadilishana: dume mmoja mwekundu wa meno mawili kwa dopa wawili majike wenye mimba. Baba mdogo alirudi naye amefungwa nyuma ya pikipiki, amefunikwa gunia hadi shingoni, naye akinung'unika lango hadi zizini kwamba hajawahi kuona kondoo mdogo kiasi hicho akiuzwa ghali kiasi hicho.